Swali la Hakim bin Hizam na Gari Lisilofika

 

Ijumaa moja baada ya sala alitujia mmoja katika watu wa msikiti wetu, simu mkononi na uso umemsawijika. Katika simu ile mlikuwa na picha ya gari jeupe, safi, limeegeshwa chini ya mti. Chini ya picha pameandikwa kuwa gari lipo, bei yake ni kadha wa kadha, na awahiye ndiye apataye. Yeye aliwahi. Alitoa arubuni, nayo ilikuwa akiba ya miaka mitatu ya kuchuuza samaki, akaambiwa arudi baada ya wiki moja achukue gari lake. Wiki ikawa mwezi, na mwezi ukawa mitatu. Kwanza aliambiwa kuwa gari liko gereji linasafishwa. Kisha likawa liko bandarini. Kisha likawa liko melini, katikati ya bahari. Gari hilo, kama mnavyoona, lilikuwa likisafiri kinyumenyume. Mwisho ikadhihirika kwamba siku picha ilipotangazwa gari lilikuwa Japani, ni mali ya watu wengine, na muuzaji wetu hakuwa amelilipia hata senti moja. Alikuwa akingojea fedha za mnunuzi ndipo akalinunue. Na alipokwenda kulinunua, akakuta limekwisha uzwa.

Yule ndugu alituuliza swali moja tu: "Je, huyu ni mwizi?"

Hatukumjibu palepale, na sababu yake hatutaificha. Muuzaji naye tunamjua. Ni mtu wa kuswali, jirani mwema, na fedha zile hakuzila: nusu alikwisha zirudisha, na nusu iliyobaki alikuwa akiahidi. Hakukusudia kudhulumu. Alikusudia kuuza, kisha kununua, kisha kukabidhi, na kilichomponyoka ni hilo la katikati. Basi tukaona ni bora swali hili tulirudishe katika tarikhi, kwa sababu ni la zamani kuliko gari, tena la zamani kuliko picha, na lilikwisha ulizwa kwa Bwana Mtume mwenyewe (S.A.W.) na mtu ambaye naye hakuwa mwizi.

Mtu huyo ni Hakim bin Hizam. Baba yake, Hizam bin Khuwaylid, alikuwa ndugu wa Bibi Khadija. Kwa hiyo Bibi Khadija ni shangazi yake. Alikuwa katika matajiri wakubwa wa Makka, mtu wa misafara na masoko, na aliingia katika Uislamu mwaka wa 8 Hijria, yaani mwaka 630, Makka ilipofunguliwa. Mtu kama huyu rasilimali yake kubwa zaidi si bidhaa iliyo ghalani. Rasilimali yake ni jina lake. Watu humwendea wakijua kwamba akisema jambo hulitimiza. Basi Hakim akamweleza Bwana Mtume habari ya biashara yake: mtu hunijia akitaka kitu ambacho sinacho; je, nimuuzie, kisha niende sokoni nikakinunue nimpe? Bwana Mtume akamkataza kuuza kitu asichokuwa nacho. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah.

Litazameni vyema swali hili. Hakim hakuuliza juu ya uwongo, kwani uwongo hakuhitaji kuuuliza. Aliuliza juu ya ufundi wa kawaida wa soko, ambao kila mfanya biashara mwenye mtaji mdogo na maarifa mengi anaujua: uza kwanza, nunua baadaye, na faida ikae katikati. Katika siku tisa kati ya kumi jambo hilo hupita salama, na kila mmoja akaondoka ameridhika. Siku ya kumi duka la pili huwa limefungwa, au bei imepanda usiku, au kitu chenyewe kimechukuliwa na mwingine. Hapo ndipo muuzaji anapokuwa amekula fedha kwa ahadi asiyoweza kuitimiza, bila kukusudia ubaya wowote. Na huyu ndiye muuzaji wetu wa gari jeupe, herufi kwa herufi, isipokuwa Hakim hakuwa na simu.

Wako watakaosema: basi dini imefunga mlango wa biashara yote ya kitu kitakachokuja. Sivyo, na tarikhi yenyewe ndiyo inayowajibu. Bwana Mtume alipohamia Madina mwaka 622 aliwakuta watu wa mji ule, ambao walikuwa wakulima wa mitende, wakipokea fedha leo kwa ajili ya tende za mwaka ujao, au wa pili, au hata wa tatu. Mkulima alizihitaji fedha kabla ya mavuno, na mnunuzi alizitaka tende kwa bei nafuu. Ibn Abbas amepokea kwamba Bwana Mtume hakuiondoa biashara hiyo. Aliiwekea mipaka tu: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Wanavyuoni wakaiita salamu, na wengi wao, Imamu Shafii akiwa mmojawapo, wakashurutisha kuwa bei yote itolewe palepale kwenye kikao cha mapatano, ili pasiwe na deni upande huu na deni upande huu.

Sasa Hakim alikatazwa nini, na mkulima wa Madina aliruhusiwa nini? Imamu Shafii, aliyefariki mwaka wa 204 Hijria, sawa na 820, alizikutanisha habari hizi mbili. Mkulima anauza sifa, nayo ni deni shingoni mwake: pishi kadha za tende za namna kadha. Mtende wake ukikauka, atazitafuta tende za sifa ile kwingine na kuzileta. Wala mnunuzi hakudanganyika hata kidogo, kwani alijua tangu mwanzo kuwa tende hazijazaliwa. Lakini anayeuza kitu hiki, hiki hasa, na kitu chenyewe kiko mikononi mwa mwingine, hana uwezo juu yake. Mwenyewe akikataa, hakuna badala. Na gari lililokwisha tumika, ndugu zetu, ndilo kitu hiki hasa. Magari mapya mia hufanana kama punje za mchele. Lakini gari kuukuu lina umbali wake liliokwenda, ajali yake, kutu yake, na namba ya chasisi ambayo haina pacha duniani. Anayelitangaza hatangazi sifa. Anatangaza kitu kimoja tu.

Masahaba walilishika jambo hili kwa mkono mkali kuliko tunavyodhani. Abdullah bin Umar anasimulia kwamba alinunua mafuta sokoni Madina, na alipokwisha yanunua akaja mtu akampa faida nzuri. Ibn Umar akanyoosha mkono wake ili wapeane mikono, ndiyo ishara ya kukata bei. Ghafula mtu aliye nyuma yake akamshika mkono akamzuia. Akageuka, kumbe ni Zayd bin Thabit, mwandishi wa Wahyi. Zayd akamwambia asiyauze pale alipoyanunulia mpaka ayahamishe mahali pake, kwa kuwa Bwana Mtume amelikataza jambo hilo. Na mafuta yale, kumbukeni, Ibn Umar alikuwa amekwisha yanunua! Yalikuwapo, yanaonekana, yananuka. Kilichobaki ni kuyachukua tu. Kama huyo alizuiwa mkono, je, aliyeuza picha?

Zayd huyu huyu tunamkuta tena miaka kadha baadaye katika kisa kikubwa zaidi, nacho ndicho tunachopenda kukaa nacho, maana hatujaona katika vitabu vya kale kinachofanana zaidi na mambo ya leo. Mwaka wa 18 Hijria, yaani 639, Madina ilipatwa na njaa kubwa, na mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Majivu. Sayyidna Umar alimwandikia Amri bin al-Asi, aliyeifungua Misri baada ya hapo, na kwa amri yake ukafukuliwa upya mfereji wa kale uliotoka mto Nili mpaka Qulzum, karibu na Suez ya leo. Nafaka ya Misri ikawa inapita mferejini kwa majahazi, ikateremka Bahari ya Sham, ikashushwa katika bandari ya Madina iliyoitwa al-Jar. Serikali ikawagawia watu wenye haki zao vyeti, kila cheti kimeandikwa kiasi cha chakula ambacho mwenyewe atakwenda kupewa al-Jar. Vyeti hivyo viliitwa sukuk, neno ambalo siku hizi tunalisikia tena katika habari za mabenki.

Muda ukapita. Marwan bin al-Hakam akawa gavana wa Madina katika siku za Muawiya. Watu wakagundua kwamba cheti ni chepesi kuliko gunia. Mwenye haki aliyehitaji fedha leo alikiuza cheti chake; aliyekinunua akamuuzia wa pili kwa faida, na wa pili akamuuzia wa tatu, na chakula chenyewe kiko al-Jar hakijaguswa na yeyote kati yao, na pengine hakijashuka melini. Imamu Malik ameeleza katika Muwatta kwamba Zayd bin Thabit na Sahaba mwenziwe waliingia kwa Marwan wakamuuliza kwa ukali kama yeye ameihalalisha riba. Marwan akashituka, akajikinga kwa Mwenyezi Mungu, akauliza ni jambo gani hilo. Wakamweleza habari ya vyeti. Katika Sahihi ya Muslim aliyemkabili Marwan kwa neno hili ni Abu Huraira. Marwan aliwahutubia watu akaikataza biashara hiyo, wala hakuunda halmashauri. Aliwatuma askari wake, wakawafuata watu wakivitwaa vyeti mikononi mwao na kuvirudisha kwa wenyewe.

Imamu Nawawi, ambaye alifariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake Minhaji ndicho kilichosomeshwa na masheikh wa mwambao wetu vizazi kwa vizazi, anaeleza kisa hiki kwa uadilifu. Anasema aliyepewa cheti na serikali ana haki ya kukiuza, kwa kuwa chakula kile ni milki yake kweli hata kabla hajakishika. Makosa ni ya aliyekinunua kisha akauza tena kabla ya kupokea. Basi kosa si karatasi, wala kosa si umbali wa bandari. Kosa ni kwamba katika mlolongo ule walitokea watu waliopata faida, na hata mmoja wao hakubeba hatari. Jahazi likizama, hasara ingemwangukia nani? Ingemwangukia wa mwisho, mwenye njaa, aliyekwenda al-Jar na kigunia chake.

Na sasa tuizungumze hiyo arubuni, kwa kuwa ndiyo iliyomliza ndugu yetu. Neno lenyewe tumelirithi kwa Waarabu pamoja na hitilafu yake. Nafii bin Abdil-Harithi, mtumishi wa Sayyidna Umar katika Makka, alinunua kwa Safwan bin Umayya nyumba ya kufanywa gereza, kwa sharti kwamba Umar akiridhia biashara imethibiti, na asiporidhia Safwan atapata mia nne. Imamu Ahmad alilichukua tukio hilo kuwa hoja ya kujuzu arubuni. Maimamu watatu waliobaki, Abu Hanifa, Malik na Shafii, wakaikataa, kwa kuona kuwa ni kula mali ya mtu bila ya badala. Hatutaki kuingia katika hitilafu hiyo leo. Tunataka mlitambue jambo moja tu: nyumba ya Safwan ilikuwa imesimama Makka, ni yake, na yeyote aliweza kwenda kuigonga mlango. Hata imamu aliyeiruhusu arubuni aliiruhusu kwa mwenye nyumba.

Hivyo ndivyo lilivyokuwa jambo hili Hijazi. Kwetu limekuja kwa meli, na halikuja zamani sana. Wazee wenzetu watakumbuka kwamba katika Tanzania ya miaka ya sabini gari lilikuwa jambo la kibali na la foleni, na mtu wa kawaida hakuwa na habari nalo. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kwa fedha hizo bila ya kuulizwa wamezipata wapi. Kenya nayo ililegeza masharti ya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mlango ulipofunguka, macho ya wote yalielekea Japani, na hapa pana sababu mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni kuwa Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wao uko kulia. Ya pili ni sheria yao ya magari ya mwaka 1951 iliyoweka ukaguzi wa lazima: gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama zake si ndogo. Kwa hiyo mwenye gari huko huona heri aliuze lingali zima kuliko kulipa tena.

Magari hayo hupita minadani, na mnada nao ukabadilika. Mwaka 1985 kampuni ya Aucnet ilianzisha huko Japani mnada wa magari kwa televisheni: mnunuzi anakaa ofisini kwake, anaona picha, anasoma maelezo ya mkaguzi, na anataja bei bila kuligusa gari. Lakini tazameni kilichoshikilia mnada ule usianguke. Gari lilikuwapo, mwenyewe anajulikana, na mkaguzi ambaye si muuzaji alikwisha lizunguka akaandika kila mkwaruzo. Picha ilisimama mahali pa gari, na nyuma ya picha kulikuwa na gari.

Picha hizo hizo baadaye zikaingia katika mtandao, na kutoka mtandaoni zikaingia katika simu za vijana wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Dalali asiye na yadi wala mtaji anaweza kuchukua picha arobaini za magari yaliyoko Yokohama, akaongeza faida yake juu ya kila bei, akazitangaza kuwa ni zake na kwamba zipo. Anayepata mteja humwendea mwenye mali kwa fedha za mteja. Anayekosa hakupoteza kitu. Safari ya meli huchukua wiki kadha, na katika wiki hizo bei ya dola hupanda na ushuru hubadilika. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, na kwa hiyo gari likichelewa likavuka mwaka huweza kukataliwa bandarini. Mashaka yote hayo yamo ndani ya neno moja dogo, "lipo", na anayeyabeba ni mtu aliyedhani kwamba neno hilo maana yake ni kuwapo.

Tusidhani kuwa wenzetu wa nchi nyingine wamesalimika. Marekani chombo chao cha kulinda biashara ya haki kilitoa mwongozo mwaka 1959 dhidi ya matangazo ya chambo, yaani kutangaza bidhaa usiyokusudia kweli kuiuza ili umvute mtu dukani. Desemba 2023 chombo hicho kilitoa kanuni mahsusi kwa wauza magari, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta. Lakini kisa kinachopendeza zaidi ni cha Japani kwenyewe. Mwaka 1960 watu walilalamikia kopo moja la nyama ya ng'ombe. Lilipochunguzwa, na makopo mengine yakachunguzwa, ikaonekana kwamba mengi yaliyoandikwa nyama ya ng'ombe yalikuwa na nyama ya farasi au ya nyangumi. Juu ya kopo ng'ombe, ndani nyangumi! Kwa ghadhabu ile ikatungwa sheria ya mwaka 1962 dhidi ya matangazo ya kupotosha, na chini ya sheria hiyo ikawa ni kosa pia kutangaza kitu kisichokuwapo au kisichoweza kuuzwa, magari yakiwamo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza udanganyifu katika biashara, na Kenya ina sheria yake ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012. Lakini mchuuza samaki ambaye risiti yake ni ujumbe wa simu ana safari ndefu mpaka kuifikia sheria hiyo.

Wanavyuoni wa zama zetu hawakulifumbia macho jambo hili. Benki za Kiislamu zilipoanza, zilikutana na swali la Hakim mlangoni: mteja anataka gari, benki haina gari. Katika kikao chake cha Kuwait, Desemba 1988, Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu liliamua kwamba benki yaweza kupokea agizo na ahadi ya mteja, lakini isiuze mpaka gari liingie katika milki yake na ilishike, na ikibebe wakati huo kila kinachoweza kulipata, kuharibika kwake na aibu yake ya siri. Watu wa haraka waliuona uamuzi huu kuwa ni kuzungusha maneno tu. Sisi hatuoni hivyo. Huo ndio mkono wa Zayd bin Thabit, safari hii umeshika mkono wa benki.

Tuliporudi kwa ndugu zetu wawili, tuliwaita pamoja baada ya sala ya Alasiri. Muuzaji alitetea nafsi yake kwa maneno tuliyoyatarajia: kwamba soko lote ndivyo linavyokwenda, kwamba akiandika "sina, ila nitakuagizia" hakuna atakayempigia simu, na kwamba mwenye mtaji wa kununua kwanza ni tajiri peke yake. Hili la mwisho lilitugusa, na hatuwezi kusema ni uwongo. Mwenye mtaji mdogo naye ana watoto. Lakini tulimweleza kuwa njia ya mwenye mtaji mdogo ipo tangu zamani, nayo ni uwakala: amwambie mteja wazi kwamba gari ni la fulani, liko mahali fulani, bei yake ni hii, na ujira wangu wa kukuagizia ni huu. Faida yake itaonekana, na pengine itapungua. Fedha zitakuwa amana mikononi mwake, na gari likikosekana zitarudi zote kwa siku moja, kwa kuwa hazikuwa zake hata saa moja.

Akauliza kama faida anayoiongeza sasa aweze kuificha ndani ya bei. Tukamwambia hapana. Akanyamaza kwa muda, kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyejaribu mlango akijua umefungwa.

Mchuuza samaki hakutaka hotuba yetu hata moja. Alitaka kujua ni lini. Ikaandikwa karatasi mbele ya mashahidi wawili: nusu iliyobaki italipwa kwa mafungu manne, na fungu la kwanza kabla ya mwezi kuandama. Fungu hilo limekwisha lipwa. Juzi tulitazama tangazo la muuzaji; neno "lipo" ameliondoa na mahali pake ameandika "naagiza". Gari jeupe lingali pale chini ya mti.